Ni Uvimbe Upi Uliopungua?

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, alinijia barazani baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi mbili za maabara zilizokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kanzu. Ya kwanza ilikuwa ya kabla ya Ramadhani na ilisema PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, 9.8. Ya pili ilikuwa ya miezi mitatu baadaye na ilisema 7.6. Baina ya karatasi hizo mbili alikuwa amemaliza mkebe mzima wa unga alioununua kwa muuzaji wa miti shamba karibu na Marikiti, kijiko kimoja asubuhi ndani ya uji na kimoja usiku kabla ya kulala. Daktari alikuwa amemwandikia aende akatolewe vinofu vya tezi dume kwa sindano, vikachunguzwe kama vina saratani. Hakwenda. "Mwanangu, tizama," aliniambia akiziweka karatasi juu ya paja langu, "uvimbe unaondoka wenyewe. Yanini nikachomwe sindano?"

Alikuwa na hoja nyingine mfukoni. Mjukuu wake aliye chuoni alimchapishia ukurasa kutoka intaneti unaoeleza kwamba flavonoidi, kemikali fulani za mimea, hupunguza mchochota, yaani ile hali ya mwili kuvimba na kupata joto unapojitetea, katika seli za saratani ya tezi dume. Niliusoma ukurasa ule mara mbili, na sikuona uongo ndani yake. Jambo hilo limeonekana maabara mara nyingi, mikononi mwa watafiti makini. Ninacholalamikia mimi ni safari ambayo sentensi ile ilifanyishwa, kutoka kisahani cha maabara hadi kijiko cha uji, na zaidi ya hapo nalilalamikia neno moja lililoibeba safari hiyo mgongoni. Neno lenyewe ni uvimbe.

Kiswahili chetu kinalitumia neno hilo kwa mambo mawili yasiyofanana. Mtu akiteguka kifundo cha mguu tunasema kimefanya uvimbe, na mwanamke akigunduliwa saratani ya titi tunasema ana uvimbe. La kwanza ni mwili kujitetea: damu hukimbilia mahali palipoumia, pakapata joto, wekundu na maumivu, kisha kwa kawaida pakatulia. La pili ni seli zilizoacha kutii, zikawa zinaongezeka bila kipimo. Wala si sisi peke yetu tuliochanganya, kwa maana Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alipozitaja dalili nne za mchochota alikuita kule kuvimba "tumor", na neno hilohilo ndilo ambalo madaktari wa leo wanalitumia kwa donge la saratani. Katika makala hii la kwanza nitaliita mchochota, na uvimbe nitauacha uwe wa saratani. Muuzaji wa unga hana haja ya kutenganisha. Akisema "hii inaondoa uvimbe", huenda ana maana ya maumivu ya magoti, lakini mzee aliyeambiwa tezi yake imevimba husikia habari nyingine kabisa, na muuzaji hamsahihishi.

Kwamba mchochota na saratani vina udugu, hilo halina ubishi mkubwa. Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani, aliona mwaka 1863 kwamba tishu za saratani zimejaa seli nyeupe za damu, akashuku kuwa saratani huota mahali palipochokozwa kwa muda mrefu. Tunaona mifano hadi leo, kama vile virusi vya homa ya ini na saratani ya ini, au kichocho na saratani ya kibofu, maradhi ambayo watu wa mwambao na wa kandokando ya mito yetu wanayajua kwa jina. Katika tezi dume, Angelo De Marzo na wenzake wa Johns Hopkins walieleza mwaka 1999 kuhusu sehemu za tezi zilizosinyaa lakini zenye mchochota na seli zinazogawanyika upesi, wakapendekeza kwamba huenda pale ndipo saratani inapoanzia. Ni pendekezo lenye nguvu. Hata hivyo, kusema kwamba moto ulianzia jikoni si sawa na kusema kwamba ukizima jiko sasa nyumba itaacha kuwaka.

Ndani ya seli, mchochota una swichi zake, na mashuhuri kuliko zote ni protini inayoitwa NF-kB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Seli ikiwa shwari, NF-kB hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini nyingine isiweze kuingia. Ikija ishara ya hatari, kimeng'enya kiitwacho IKK humwekea alama yule mshikaji ili avunjwe. NF-kB hufunguka, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni nyingi kwa mkupuo, zikiwemo za kutengeneza COX-2, kile kimeng'enya ambacho dawa kama ibuprofen hukizuia, na za protini zinazoisaidia seli isife. Katika seli nyingi za saratani ya tezi dume swichi hii haizimiki, na seli kutokufa wakati wake ni mojawapo ya alama kuu za saratani. Hapo ndipo flavonoidi zinapoingia. Apijenini, iliyo kwa wingi kwenye maua ya kamomili, ilipojaribiwa na watafiti wa chuo kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, ilionekana kumzuia IKK, hivyo NF-kB ikabaki imefungwa na seli za saratani zikaanza kufa. Walikwenda mbele wakawalisha panya waliobadilishwa vinasaba ili wapate saratani ya tezi dume, kwa muda wa wiki 20, na uvimbe wa panya hao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao. Hiyo ni kazi nzuri, nami siidharau.

Flavonoidi zenyewe si kitu cha ajabu wala cha mbali. Ni kemikali ambazo mimea huzitengeneza kwa matumizi yake, kama vile kujikinga na jua kali na wadudu au kutia rangi maua na maganda, na zinazojulikana ni maelfu. Albert Szent-Györgyi, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu pia vitamini C, alidhani mwaka 1936 kwamba amegundua vitamini nyingine ndani ya ndimu na pilipili, akaiita vitamini P. Baadaye ilidhihirika kwamba si vitamini, kwani mtu akizikosa haugui ugonjwa wowote unaojulikana, na jina likaachwa. Mombasa tunazila bila kuzitafuta: kwasetini iko kwenye kitunguu chekundu cha kachumbari na kwenye majani ya mlonge, machungwa na malimau yana zake, soya ina jenistini, na chai ina katekini, ingawa chai yetu nyeusi hupoteza sehemu kubwa ya katekini hizo majani yanapochachushwa kiwandani. Manjano, ambayo kila muuzaji huyataja kwanza, hayamo katika ukoo huu. Kemikali yake, kukumini, ni jamaa wa mbali tu.

Sasa turudi kwenye kile kisahani, maana watu wengi hutaja "seli za saratani ya tezi dume" kana kwamba ni tezi dume ya mtu fulani iliyoko kitandani. Majaribio mengi hufanywa kwa koo tatu za seli zilizotolewa kwa wanaume watatu miaka ya 1970 na kukuzwa maabara tangu hapo. LNCaP ilitoka kwenye tezi ya limfu ya mwanamume wa miaka 50, PC-3 ilitoka kwenye mfupa wa mwenye miaka 62, na DU145 ilitoka kwenye ubongo wa mwenye miaka 69. Yaani hakuna hata moja iliyotoka kwenye tezi dume yenyewe. Zote ni za saratani iliyokwisha kuhama. PC-3 na DU145 haziitikii homoni za kiume, ilhali saratani nyingi za tezi dume zinapogunduliwa bado hutegemea homoni hizo. Wanaume wote watatu walikuwa Wazungu. Hili la mwisho halizungumzwi vya kutosha, kwani Marekani, ambako hesabu zinawekwa vizuri, wanaume weusi hufa kwa saratani hii kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wazungu, na kama kuna tofauti ya kibaiolojia inayochangia pengo hilo, seli hizi tatu haziwezi kutuambia.

Lakini kasoro iliyonishughulisha zaidi ni nyingine. Mchochota ni shughuli ya umati. Huhitaji mishipa ya damu inayopanuka, seli nyeupe zinazomiminika, homoni zinazotumwa kutoka mbali, na tishu inayouma. Ndani ya kisahani kuna ukoo mmoja tu wa seli umelala juu ya plastiki katika maji mekundu ya lishe. Hakuna damu, hakuna seli za kinga. Anachokipima mtafiti pale ni ishara za mchochota ndani ya seli moja moja: je, NF-kB imeingia kwenye kiini, COX-2 imeongezeka kiasi gani. Ni sawa na kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo ya simu. Utajua kama huyu ameinua sauti au ameishusha, lakini hutajua wa upande wa pili alijibu nini wala ugomvi uliishaje.

Kisha kuna suala la kiasi, na hapa mwili haufanyi masihara. Maabara, kwasetini au apijenini humwagwa moja kwa moja juu ya seli, mara nyingi kwa ukolezi wa mikromola 10 hadi 100, kipimo cha wingi wa kemikali ndani ya maji. Peter Hollman na wenzake wa Uholanzi walifanya uchunguzi mwaka 1995 kwa watu wa kujitolea waliokwisha kuondolewa utumbo mpana, ili wajue kwa hakika ni kiasi gani cha kwasetini kinachonyonywa kabla ya bakteria wa utumbo huo hawajakifikia. Waliokula vitunguu walinyonya asilimia 52. Waliopewa kwasetini tupu iliyosafishwa walinyonya asilimia 24. Nalipenda jibu hilo kwa sababu linawaumbua wauzaji wa vidonge: kitunguu cha kukaanga, chenye kwasetini iliyofungamana na sukari, kilikishinda kile kitu kilichosafishwa. Hata hivyo ushindi huo una mipaka. Mtu akishakula sahani nzuri ya vitunguu, kiwango katika damu yake kwa kawaida hakifiki hata mikromola 1. Na hiyo kidogo haizunguki ikiwa huru, maana ukuta wa utumbo na ini huikamata na kuibandika viambata vya asidi ya glukuroniki na salfeti ili ipate kutolewa kwenye mkojo. Kwa hiyo kinachofika kwenye tezi dume ni kitu kingine, kimevalishwa nguo nyingine, na mara nyingi si hicho kilichojaribiwa juu ya kisahani.

Kwa haki, wapo watafiti wanaojibu kwamba mahali penye mchochota seli nyeupe humwaga kimeng'enya kinachoweza kuivua flavonoidi nguo hizo, ikarudia umbo lake palepale inapohitajika. Hoja hiyo ina akili, na kuna majaribio yanayoiunga mkono. Lakini tangu ilipotolewa haijamwondoa mtu hata mmoja kwenye orodha ya wagonjwa, na hadi hapo itakapofanya hivyo itabaki kuwa sababu ya kuendelea na utafiti. Sababu ya kununua mkebe haijawa.

Njia ya haki ya kulimaliza jambo hili ni kuwapa wanaume wenyewe flavonoidi hizo na kuhesabu. Imefanywa. Mwaka 2006 Saverio Bettuzzi na wenzake wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 60 waliokuwa na mabadiliko ya tezi yanayoweza kuelekea saratani. Nusu walipewa miligramu 600 za katekini za chai ya kijani kila siku na nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Baada ya mwaka, saratani ilionekana kwa mtu 1 kati ya 30 waliopata katekini na kwa watu 9 kati ya 30 wa upande wa pili. Ukisikia tarakimu hizo unaelewa kwa nini dunia iliruka. Kisha mwaka 2015 Nagi Kumar na wenzake huko Florida walitoa matokeo ya jaribio lao la wanaume 97, nalo pia la mwaka mmoja: saratani kwa watu 5 kati ya 49 waliopata katekini na kwa watu 9 kati ya 48 wasiopata, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema si bahati tu. Soya nayo ilijaribiwa kwa wanaume 177 waliokwisha kuondolewa tezi dume, wakanywa unga wa protini ya soya kwa hadi miaka miwili. Matokeo yalipotoka mwaka 2013, saratani ilikuwa imewarudia kwa kiwango kilekile kama wasioinywa.

Katika jaribio la Kumar kuna jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. PSA ya waliopata katekini ilishuka kwa kiasi kilichothibitika kitakwimu. Kumbuka vizuri: namba ilishuka, lakini hesabu ya saratani haikuonyesha tofauti ya kuaminika. Hapo nilizikumbuka karatasi mbili za mzee wangu, nikaona kwamba swali halisi halihusu iwapo unga wake una nguvu. Huenda unayo. Swali ni kwamba ile namba ilikuwa inapima nini.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, nzima na gonjwa, na kuvuja kidogo kuingia kwenye damu. Saratani huiongeza, lakini pia huongezwa na tezi iliyokua kwa uzee, maambukizi ya njia ya mkojo, mpira wa kutolea mkojo, hata tendo la ndoa la juzi. Mchochota wa tezi huipandisha sana. Kwa hiyo chochote kinachotuliza mchochota kinaweza kuishusha hata kama saratani iliyo pembeni haijaguswa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta kwamba wanaume wanaotumia mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofen wana PSA iliyo chini kwa takriban asilimia 10, na waandishi wake wenyewe walionya kwamba haijulikani kama hiyo ina maana saratani imepungua au imefichika tu. Finasteride, dawa ya tezi iliyokua, huikata PSA karibu nusu, ndiyo maana daktari anayejua kuwa unaitumia huizidisha namba yako mara mbili kabla ya kuamua. Daktari asiyejua atakuambia uko salama. Na hata bila ya dawa yoyote, namba hii hupanda na kushuka kwa mtu yuleyule kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Kuteremka kutoka 9.8 hadi 7.6 kunaweza kuwa ni unga, kunaweza kuwa ni maambukizi yaliyopona, na kunaweza kuwa si chochote.

Anayedhani nakuza mambo na akisikilize kisa cha PC-SPES. Ilikuwa dawa ya mitishamba iliyoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1990, mchanganyiko wa mimea minane, na jina lake liliunganisha herufi za saratani ya tezi dume na neno la Kilatini lenye maana ya matumaini. Mmoja wa mimea hiyo, skutelaria ya Kichina, una flavonoidi ya kweli, baikalini, ambayo kwenye kisahani huyafanya yote niliyoyataja juu. Wanaume wenye saratani walioinywa waliona PSA zao zikishuka, nyingine kwa kiasi cha kustaajabisha, hata hospitali kubwa zikaanza kuifanyia majaribio. Wataalamu walikuwa na maelezo tayari ya jinsi mimea inavyofanya kazi. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni, kwa sababu vipimo vya maabara vilikuta ndani yake dawa tatu ambazo hazikuandikwa kwenye lebo: diethylstilbestrol, ambayo ni homoni ya kike ya kutengenezwa iliyotumika kutibu saratani hii tangu miaka ya 1940, warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na indomethacin, dawa ya kiwandani ya kupunguza mchochota. Sasa yalieleweka matiti yaliyokua, damu iliyoganda miguuni mwa wengine, na damu iliyowatoka wengine isikatike. Katika kisa hiki nguvu iliyohesabiwa kuwa ya mmea ilikuwa na kemikali ya kiwandani nyuma yake.

Nakitaja kisa hicho si kwa kumshuku muuzaji wa mzee wangu, ambaye huenda ni mtu mwaminifu asiye na indomethacin hata chembe. Nilipomsindikiza mzee tukaenda kumuuliza, alitufungulia gunia bila kusita, akatutajia mlonge, tangawizi na manjano, akatuchotea viganjani tunuse. Kisha kulikuwa na vitu viwili alivyoviita "vya babu" ambavyo hakutaka kuvitaja, akacheka. Mzee naye akacheka. Mimi niliuangalia ule unga wa rangi ya kijani iliyofifia, wenye harufu ya pilau na majani makavu, nikawaza kwamba kati ya vitu vitano vilivyomo tunavijua vitatu, na katika hivyo vitatu hakuna tunachokijua kipimo chake. Kisa kingine cha kutia hofu ni kwamba hata vitu safi vyenye kipimo huweza kugeuka. Jaribio la SELECT la Marekani, Kanada na Puerto Rico liliwakusanya wanaume 35,533 kuangalia kama vitamini E na madini ya seleniamu huzuia saratani ya tezi dume. Lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida, na mwaka 2011 ikathibitika kwamba waliokuwa wakila vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Na katekini za chai ya kijani, zikishindiliwa kwenye vidonge, zinaweza kuliumiza ini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema hivyo mwaka 2018 kuhusu kipimo cha miligramu 800 kwa siku na kuendelea za EGCG, katekini kuu ya chai hiyo. Chai ya kikombe kwa kawaida haina tatizo hilo.

Sitaki nisomeke kama mtu anayewacheka wazee wetu. Nimekaa kwenye benchi la kliniki pamoja na huyuhuyu mzee tangu saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, akaingia kwa daktari dakika nne, akatoka na karatasi yenye neno moja la Kilatini ambalo hakuna aliyemfasiria. Muuzaji wa unga alimpa saa nzima, akamuuliza anakojoa mara ngapi usiku, mkojo unakatika au hauishi, na mambo ya chumbani yanaendaje, maswali ambayo mwanamume wa umri wake hamjibu kijana aliyevaa koti jeupe mbele ya muuguzi wa kike. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema aufunulie wapi, na sisi tumemwachia mtu wa gunia awe ndiye pekee anayeuliza kwa adabu. Daktari naye, kwa upande wake, hakuuliza mzee anatumia nini nyumbani. Lau angeuliza, ile 7.6 asingeisoma kama alivyoisoma, yaani kwa kuandika pembeni "imeboreka" na kupiga mstari.

Mstari ule ndio ulionikera kuliko unga. Mzee wa miaka 68, mweusi, mwenye PSA iliyozidi 7 hata baada ya kushuka, bado ni mtu anayepaswa kuchunguzwa, na hilo halibadilishwi na kitunguu wala na apijenini. Kama saratani ipo na bado imo ndani ya tezi, ina tiba, na nyingine huwa za polepole kiasi kwamba daktari huamua kuziangalia tu kwa miaka bila kuzigusa. Ikishafika mifupani, habari ni nyingine. Mwaka 2020 duniani kote waligunduliwa wanaume wapatao milioni 1.4 wenye saratani hii, na wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 wanakisia idadi hiyo itafika milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, sehemu kubwa ya ongezeko ikiwa katika nchi kama yetu, ambako wengi hufika hospitali mgongo unapoanza kuwauma.

Nilimwambia mzee sitamkataza kachumbari, mlonge, wala machungwa ya mjomba wake wa Kwale. Ni chakula kizuri na kama kina faida kwa tezi basi ataipata kwa utamu. Unga nilimwomba auache kwa wiki sita kisha apime tena, na safari hii aende na mkebe. Alinyamaza kitambo, akachungulia barabara kama aliyekuwa akimsubiri mtu. Kisha akaomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya 7.6 aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wake wa chuoni, tarehe ya siku ile na maneno mawili, "unga basi", akaikunja mara nne na kuirudisha mfukoni pamoja na ile fomu ya daktari ya kwenda kutolewa vinofu, ambayo kumbe hakuwa ameitupa.